Kutoka Efes mpaka Antalya kwa basi na dolmuş: mwongozo kamili wa safari ya magofu ya Uturuki kwa bajeti ndogo

Wanaojipangia wenyewe safari ya magofu ya Uturuki hukwama mahali pale pale. Hulala kwenye miji mikubwa, Istanbul, Izmir na Antalya, halafu kila asubuhi hulipa ziara ya kuwapeleka kwenye magofu na kuwarudisha jioni. Hufika saa tano jua likiwaka, pamoja na mabasi arobaini mengine, na siku ya nne pesa zimekwisha.

Dawa yake ni kusafiri kwa mstari mmoja bila kurudi ulikotoka, na kulala kwenye mji mdogo ulio jirani na magofu, ili uwe mlangoni saa ya kufunguliwa. Mwongozo huu unafuata mstari mmoja tu, siku 14: uwanja wa ndege wa Izmir, Selçuk, mji ulio jirani na Efes, yaani Efeso ya kale (usiku 3), Pamukkale (1), Fethiye (2), Patara (1), Kaş (2), Olympos (2), Antalya (2). Kapadokia haimo. Iko mbali ndani ya bara, na anayeilazimisha kwenye siku hizi 14 humaliza mbili au tatu akiwa ndani ya basi.

## Vitu vya kuandaa

- Pasi ambayo itakuwa hai angalau siku 60 baada ya viza yako kwisha. Wanaokataliwa kwa tarehe ya pasi ni wengi kuliko unavyodhani.
- Viza iliyochapishwa kwenye karatasi, hata kama unayo kwenye simu.
- Kadi mbili za Visa au Mastercard zinazofanya kazi nje, pamoja na euro au dola taslimu za siku tatu hivi. Shilingi, iwe ya Kenya, Tanzania au Uganda, usitarajie kuibadilisha huko.
- Begi la mgongoni la lita 40 au chini ya hapo. Dolmuş, basi dogo la abiria kama daladala au matatu, haina buti la kubeba sanduku la magurudumu, na mawe ya Kaleiçi, mji wa zamani wa Antalya, huyavunja magurudumu hayo.
- Viatu vyenye soli inayong'ata. Marumaru ya Efes imesuguliwa na nyayo mpaka inateleza kama sabuni.
- Mfuko wa plastiki wa kutia viatu (utauhitaji Pamukkale), tochi (Olympos), kofia, na chupa ya maji ya lita moja na nusu.
- Koti. Usiku wa Aprili na Oktoba una baridi ya kweli kwa mtu aliyetoka Mombasa au Dar.

Miezi mizuri ni Aprili mpaka katikati ya Juni, na Septemba mpaka Oktoba. Julai na Agosti joto la Efes hukaribia nyuzi 40, na kivuli ni cha kutafuta. Majira ya baridi nyumba nyingi ndogo za wageni za pwani hufungwa na dolmuş hupungua. Epuka pia wiki za Idi zote mbili: Waturuki wote huwa njiani, na viti vya basi huisha siku kadhaa kabla.

## Herufi tano na saa

Jifunze hizi kabla ya kuondoka, maana utaulizia mabasi kwa mdomo. Ç husomwa ch, ş husomwa sh, c husomwa j, ğ haisikiki na huvuta irabu iliyotangulia, na ı isiyo na nukta ni irabu fupi inayotoka kooni. Kwa hiyo Selçuk ni Selchuk, Kaş ni Kash, dolmuş ni dolmush.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji tayari. *Saat, dakika, hesap, haber, sabun, dünya, çay*: utayatambua yote. Ukimaliza kula sema "hesap" nawe utaletewa hesabu.

Lakini *saat* ina mtego. Waturuki huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ukiambiwa basi linaondoka "saat sekiz", hiyo ni 08:00, yaani saa mbili yetu ya asubuhi. Mtu aliyezoea kutafsiri kichwani huongeza au kupunguza sita mara mbili na kukosa basi. Omba waandike kwa tarakimu, kisha uandike hivyo hivyo. Mwongozo huu nao unaandika saa za safari kwa tarakimu.

## Hatua ya 1: Viza kabla ya tiketi

Fungua evisa.gov.tr, andika nchi ya pasi yako na usome masharti yote. Tovuti nyingine nyingi zina sura kama ya serikali lakini ni za madalali wanaotoza zaidi.

Kwa pasi nyingi za Afrika, viza ya mtandaoni hutolewa kwa sharti kwamba unayo viza hai au kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, Marekani, Uingereza au Ireland. Viza iliyokwisha muda haikusaidii, na viza ya kielektroniki ya nchi hizo haikubaliki kama uthibitisho. Ukidanganya kwenye fomu, mfumo unaweza kukupa viza, kisha shirika la ndege likakuzuia uwanjani kwa kuwa hukuonyesha viza au kibali hicho.

Usipokuwa na sharti hilo, omba viza ya kubandikwa kupitia ubalozi. Uturuki ina balozi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Kinshasa. Anza mapema, na usinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya jibu.

Angalizo kubwa: viza ya mtandaoni ya masharti kwa kawaida ni ya siku 30 na ya kuingia mara moja. Ukiwa Kaş utaona kisiwa cha Meis cha Ugiriki karibu kiasi cha kuhesabu nyumba, na boti huenda huko asubuhi na kurudi jioni. Ukipanda, umetoka Uturuki. Viza yako imekwisha kazi, na jioni huwezi kurudi lilipo begi lako. Boti za Kuşadası–Samos, Bodrum–Kos na Marmaris–Rhodes zina mtego huo huo.

## Hatua ya 2: Ingia kwa Izmir, toka kwa Antalya

Tafuta tiketi ya miji miwili: kutoka kwenu mpaka Izmir (ADB), kurudi kutoka Antalya (AYT), kwa kuunganisha Istanbul. Turkish Airlines huruka kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro na Entebbe, na mara nyingi kipande cha ndani huongeza pesa kidogo tu kwenye tiketi nzima. Ukirudi Istanbul kwa basi unapoteza usiku mzima na nauli juu.

Ukinunua kipande cha ndani peke yake kwa bei nafuu, angalia herufi tatu za uwanja. Istanbul ina viwanja viwili: IST uko upande wa Ulaya, SAW uko upande wa Asia, na kati yao kuna jiji zima lenye foleni. Kutua SAW saa tatu kabla ya ndege ya IST ni kuikosa hiyo ndege.

Tiketi ikiwa na nambari moja ya uhifadhi kwa vipande vyote, na begi likiandikiwa ADB, umefaulu.

## Hatua ya 3: Weka vitanda kabla hujatua

Tangu 2017, Booking.com haikuruhusu kuhifadhi nyumba zilizo ndani ya Uturuki ukiwa ndani ya Uturuki. Ukurasa unafunguka, hoteli za nchi nyingine zinaonekana, za Uturuki hazionekani. Watu hudhani simu imeharibika.

Kwa hiyo hifadhi ukiwa nyumbani angalau Selçuk, Fethiye na Kaş, kwa vyumba vinavyoweza kughairiwa bure. Kwingine piga simu au tuma ujumbe kwa nyumba yenyewe. Tafuta neno *pansiyon*: ni nyumba ya familia yenye vyumba vichache, na bei mara nyingi ina kifungua kinywa ndani. Uliza "kahvaltı dahil mi?", yaani kifungua kinywa kimo? Jibu la ndiyo ni akiba kubwa. Meza ya asubuhi huja na mayai, jibini, zeituni, nyanya, matango, asali na mikate isiyo na hesabu, na mtu aliyeshiba hivyo hukaa mpaka saa tisa alasiri.

Laini ya simu ya uwanjani ni ghali. Ya mjini huhitaji pasi. Simu yako ya kutoka nje itafanya kazi na laini ya Kituruki kwa siku 120, zinazotosha na kubaki.

## Hatua ya 4: Uwanjani mpaka Selçuk bila kugusa jiji la Izmir

Wengi hupanda teksi mpaka katikati ya Izmir, wakalala, kisha asubuhi wakarudi njia ile ile kuelekea Selçuk. Kituo cha treni kiko pale pale uwanjani, na Selçuk iko upande wa kusini, mbali na jiji.

Una treni za aina mbili. Ya kwanza ni ya mkoa, ya shirika la reli TCDD, inayotoka kituo cha Basmane jijini Izmir. Husimama uwanjani na kufika Selçuk kwa saa moja hivi. Ni rahisi, lakini ni chache kwa siku. Ya pili ni İZBAN, treni ya jiji: panda inayoelekea Tepeköy, badilisha hapo, endelea mpaka Selçuk. İZBAN hulipiwa kwa kadi ya usafiri ya Izmir inayonunuliwa kwenye mashine za kituoni.

Ukishuka na kuona ngome juu ya kilima na viota vya korongo juu ya nguzo za mfereji wa maji wa kale katikati ya mji, uko Selçuk.

## Hatua ya 5: Efes

Hii ndiyo siku inayoharibika kuliko zote.

Tiketi. Viingilio vya wageni huwekwa kwa euro. Efes ilipandishwa mpaka euro 40 mwaka 2024, na Pamukkale euro 30. Viingilio ndivyo vinavyokula bajeti yako, kuliko nauli na chakula. Kuna kadi ya makumbusho ya nchi nzima kwa wageni, ya siku 15, iliyouzwa euro 165 mwaka huo. Siku huanza kuhesabiwa unapoingia mahali pa kwanza, na kila mahali unaingia mara moja tu. Andika orodha yako, jumlisha viingilio vya sasa kutoka muze.gov.tr, kisha linganisha. Anayeingia sehemu nne au tano alipe moja moja. Anayefuata mstari huu wote na kuingia kila penye mlango, kadi hurudisha pesa yake.

Mlango. Efes ina milango miwili, wa juu na wa chini. Mji umeshuka bondeni, kwa hiyo anza juu utembee ukiteremka. Tatizo ni kwamba dolmuş za Selçuk hukuacha upande wa mlango wa chini. Anayeanza hapo hupanda kilima, kisha hulazimika kurudi njia ile ile. Hapa ndipo teksi ina maana: kilomita chache tu kutoka Selçuk mpaka mlango wa juu, asubuhi, mkigawana watu wawili watatu.

Akitokea mtu mjini akakuahidi kukufikisha mlango wa juu *bure*, mshukuru na uendelee. Safari hiyo hupitia duka la mazulia au la ngozi, na saa yako nzuri ya asubuhi huishia kwenye kiti cha duka ukinywa chai ya tufaha.

Saa. Uwe mlangoni 08:00. Mabasi ya meli za kitalii kutoka bandari ya Kuşadası huanza kumimina watu saa moja hivi baadaye, nayo pia hutumia mlango wa juu. Ukitangulia, unateremka mbele yao siku nzima. Ukichelewa, uko katikati yao.

Mpangilio. Pitia ukumbi mdogo wa baraza, kisha shika barabara ya Curetes. Tembea pembeni, si katikati: katikati ndiko marumaru imelainika zaidi, na penye umande watu huanguka. Chuchumaa uangalie mawe yenyewe. Utaona mifereji myembamba iliyochongwa makusudi ili mtu asiteleze, na matundu ya duara ya nguzo zilizobebwa zamani.

Nenda moja kwa moja mpaka maktaba ya Celsus ukiwa bado peke yako. Ukishapiga picha, rudi hatua chache juu uingie Nyumba za Mtelemko, *Yamaç Evler*, mkabala na hekalu la Hadrian. Zina kiingilio chake, na ndizo sehemu pekee ya magofu yenye paa. Zinafaa pale makundi yanapofika. Kuta bado zina rangi, sakafu zina picha za vijiwe, na unatembea juu yake kwenye daraja la kioo. Ukilazimika kuchagua kati ya hizi na makumbusho yoyote ya ziada, chagua hizi.

Malizia na ukumbi mkubwa wa maonyesho, uliobeba watu kama 25,000. Panda mpaka juu kabisa, keti, tazama barabara inayonyooka kwenda ilikokuwa bandari. Bahari imeondoka kilomita kadhaa kwa udongo wa mto, ndiyo maana unaona majani tu.

Kutoka. Toka mlango wa chini na urudi Selçuk kwa miguu, kilomita 3, njia tambarare yenye miti. Njiani kuna hekalu la Artemi: nguzo moja iliyosimama kwenye dimbwi, bure.

Maji beba kutoka mjini, vyoo viko milangoni tu. Ukiwa Selçuk saa saba mchana, umechoka vizuri na umekwishaona vyote, ulifanya sawasawa.

Siku ya tatu ya Selçuk. Ichague Priene. Panda dolmuş mpaka Söke, kisha dolmuş ya Güllübahçe. Ni mji wa kale chini ya jabali, wenye misonobari na watu wachache sana. Wengi hujaribu Priene, Mileto na Didyma kwa siku moja kwa dolmuş. Haziungani vizuri, na la tatu hulikuta limefungwa. Jumamosi kuna gulio kubwa Selçuk: nunua jibini, zeituni na matunda ya safari hapo. Nyumba ya Bibi Mariamu haina dolmuş, ni teksi kwenda na kurudi.

## Hatua ya 6: Pamukkale

Treni ya Selçuk mpaka Denizli huchukua saa tatu hivi, na kituo chake kiko ng'ambo ya barabara kutoka stendi, *otogar*. Kwenye ghorofa ya chini ya otogar zipo dolmuş za Pamukkale, kilomita 20 hivi.

Onyo. Hapa kuna mchezo wa zamani. Dolmuş husimama mbele ya ofisi, mtu mchangamfu hufungua mlango, anataja hoteli yako na kusema "umefika, karibu chai". Ndani utauziwa ziara au tiketi ya basi kwa bei ya juu, mara nyingine karatasi isiyo na namba ya kiti. Usishuke mpaka uone ramani yako mwenyewe inasema umefika. Tiketi ya basi ya kesho nunua otogar au kwenye obilet.com.

Lala kijijini, karibu na mlango wa chini. Kutoka hapo unapanda ngazi nyeupe za chokaa miguu mitupu, lazima: askari hupiga filimbi ukivaa hata soksi. Viatu vitie kwenye ule mfuko. Mwamba si laini kama unavyoonekana pichani. Una mikunjo midogo kama mchanga uliogandishwa na upepo, unachoma nyayo, na penye maji ya kina cha kifundo ni utelezi wa tope jeupe.

Jiandae pia kwa jambo hili: vidimbwi vingi ni vikavu. Maji huelekezwa kwa zamu ili chokaa isiharibike, na picha zinazosambaa huonyesha sehemu chache siku nzuri. Anayejua hivyo mapema hafadhaiki.

Ingia asubuhi mlango ukifunguliwa, au saa tatu kabla ya jua kuzama. Katikati ya mchana ni ya mabasi ya pwani. Tiketi ni ya kuingia mara moja, kwa hiyo beba chakula. Juu ya ngazi kuna mji wa Hierapolis, wenye ukumbi wa maonyesho uliosimama karibu mzima. Wengi huishia kwenye maji na kuukosa.

Ukiwa na siku ya ziada, kuna magari ya pamoja ya kwenda Aphrodisias, yanayoondoka wakipatikana abiria wa kutosha. Lipa hilo bila kusita. Kwa usafiri wa kawaida ni kubadilisha gari mara kadhaa, na uwanja wake wa michezo wa watu 30,000 unastahili saa tulivu.

## Hatua ya 7: Basi la mbali na dolmuş

Denizli mpaka Fethiye ni basi la saa nne hivi. Tiketi huomba namba ya pasi na jinsia. Mfumo haumketishi mwanamume kando ya mwanamke asiyemjua, kwa hiyo ukijaza jinsia vibaya utahamishwa kiti au utakataliwa. Kondakta, *muavin*, hupitisha maji na chai. Begi la chini hupewa kipande cha karatasi: kitunze.

Kaa na pasi halisi mwilini, si kwenye begi la chini. Barabara za pwani ya Aegean zina vizuizi vya askari, kwa kuwa ndizo njia za wahamiaji kuelekea visiwa vya Ugiriki, na mgeni Mwafrika huulizwa mara nyingi. Pasi na ile viza ya karatasi humaliza mambo dakika mbili.

Kuanzia Fethiye usafiri wako ni dolmuş. Msomaji aliyekulia daladala au matatu hatafundishwa kitu: ina njia yake, bango kwenye kioo, husimama popote. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji hurudi vivyo hivyo bila kupungua. Kushuka sema "inecek var" (inejek var), yaani kuna anayeshuka. Beba noti ndogo.

## Hatua ya 8: Pwani ya Likia (kuanzia Fethiye kuelekea Antalya)

Fethiye. Fika asubuhi Kayaköy, kijiji cha mawe kilichoachwa na Wagiriki katika ubadilishanaji wa watu wa 1923. Kutoka hapo kuna njia ya miguu mpaka Ölüdeniz, kilomita 8 hivi, ikifuata alama za rangi kwenye mawe. Tenga saa mbili na nusu, urudi kwa dolmuş. Ziwa la buluu la Ölüdeniz hulipiwa, ufuo mkubwa ulio kando yake ni bure.

Chakula cha jioni kiko soko la samaki: nunua samaki kwa kilo katikati, peleka mgahawa wowote unaozunguka, wakupikie kwa ada iliyotajwa. Taja bei zote mbili kabla ya moto kuwashwa. Mchana tafuta *esnaf lokantası*, mgahawa wa wafanyakazi wenye sufuria mbele: dengu, biringanya, maharagwe, wali. Nenda kabla ya 13:30, vyakula vizuri huisha.

Patara. Dolmuş ya Fethiye–Kaş hukushusha kwenye njia panda, au kijijini Gelemiş msimu ukiwa mzuri. Njiani, pale Kınık, kuna Xanthos, kilima cha dakika chache tu kwa miguu. Tiketi ya Patara hujumlisha magofu na ufuo wa kilomita 18. Usiku ufuo hufungwa msimu wa kasa kutaga, kwa hiyo usipange kulala mchangani. Usichomeke mwavuli wa kivuli kupita mstari uliowekwa: mayai ya kasa yako chini ya mchanga.

Kaş. Hakuna mchanga, ni mawe na ngazi za kuingilia majini. Anayetaka mchanga abaki Patara. Ukumbi wa maonyesho wa Antiphellos, jina la kale la Kaş, uko wazi bure, unatazama bahari. Keti pale jua likizama. Boti ya siku nzima kwenda kisiwa cha Kekova hujumuisha chakula. Uliza kama vinywaji vimo, maana ndipo bei hupanda. Juu ya mji wa kale uliozama huko kuogelea kumekatazwa, boti hupita polepole tu.

## Hatua ya 9: Olympos

Panda basi dogo la Kaş–Antalya. Ukiondoka mapema, shuka Demre, acha begi otogar, tembea kilomita 2 mpaka makaburi ya Myra yaliyochongwa kwenye mwamba, kisha panda linalofuata.

Mwambie dereva Olympos, si Çıralı. Ni njia panda mbili tofauti kwenye barabara moja, na anayeshuka isiyo yake hubaki na kilomita nyingi za mlima. Njia pandani kuna mkahawa ambapo dolmuş husubiri ijae kabla ya kuteremka bondeni.

Lala kwenye vibanda vya mbao. Bei huwa na kifungua kinywa na chakula cha jioni, kwa hiyo ndizo siku nafuu kuliko zote. Magofu yamo ndani ya msitu kando ya kijito kinachoishia baharini.

Usiku nenda Yanartaş, upande wa Çıralı, ambako gesi hutoka kwenye mwamba na kuwaka bila kuzimika. Kupanda ni kama kilomita moja ya ngazi za mawe. Bila tochi ni hatari, na mwanga wa simu hautoshi mikono ikiwa inashika mawe. Mchana moto hauonekani vizuri, usijisumbue.

## Hatua ya 10: Antalya, Perge, Aspendos

Kutoka otogar panda tramu ya AntRay mpaka İsmetpaşa, kisha tembea kuingia Kaleiçi, mji wa zamani, kupitia lango la Hadrian.

Perge ni rahisi mno: tramu mpaka Aksu, kisha kilomita 2 kwa miguu. Nenda asubuhi, kivuli hakuna. Aspendos inahitaji hesabu. Mabasi ya Manavgat hukuacha njia panda, na zimebaki kilomita 4 mpaka ukumbi. Joto likizidi, shuka Serik uchukue teksi. Ukumbi wenyewe ndio uliohifadhika kuliko kumbi nyingi za Kirumi popote. Mtu mmoja ashuke katikati ya jukwaa azungumze kwa sauti ya kawaida, wengine wapande safu ya juu kabisa. Kila neno litafika.

Termessos, juu mlimani, ni nzuri sana lakini haina gari la abiria: basi la Korkuteli hukuacha langoni, na kupanda ni kilomita 9. Mkiwa wanne, gawaneni teksi ya kusubiri.

Siku ya kuondoka, tramu ile ile hufika uwanja wa ndege, ila njia hugawanyika mwishoni. Soma kioo cha mbele: *Havalimanı* ndiyo uwanja, *EXPO* inakupeleka Aksu. Ndege ya kuunganisha Istanbul kwa kawaida huondokea jengo la safari za ndani, hata kama tiketi yako inaishia Nairobi au Dar.